Ombi la Kuhamishwa Mbali na Wanafunzi Wanaosoma Maoni Yangu

Kwa Mkuu wa Idara ya Uhandisi wa Ujenzi,
ambaye pia ni mdogo wa mke wangu.

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

KUHUSU: KUFUTWA KWA MPANGO WA MREJESHO AU, IKISHINDIKANA, KUHAMISHIWA KWANGU OFISI YA MITIHANI

Pokea heshima zangu. Nakuandikia kama mhadhiri mwandamizi wa somo la Mifereji na Maji ya Mvua, si kama shemeji yako, na nakuomba unisome vivyo hivyo. Utani wetu wa shemeji tuuache nyumbani kwa dada yako, ambako, kama utakavyoona katika lalamiko la tano, haujawahi kuachwa hata siku moja. Ningeweza kukwambia haya yote Jumapili mezani, lakini mezani huwa unaniambia nile kwanza, na nikishashiba huwa nimesahau hasira. Kwa hiyo naandika nikiwa na njaa.

Mwanzoni mwa muhula ulituita walimu wote kwenye ukumbi mdogo, ule wenye feni inayolia, ukatutangazia Mpango wa Mrejesho. Ulieleza kwa upole kwamba kuanzia sasa mwanafunzi ataleta rasimu, mwalimu ataandika maoni bila alama, na mwanafunzi atayajibu maoni hayo kwa maandishi, aseme lipi amelikubali, lipi amelikataa, na kwa nini. Kisha ataleta rasimu nyingine. Mwanafunzi naye atampa mwalimu maoni juu ya ufundishaji wake. Alama zitatoka mwisho wa muhula, si kabla. Nilinyoosha mkono nikauliza kama mwalimu anaruhusiwa kuyakataa maoni ya mwanafunzi. Ulijibu kwamba anaruhusiwa, mradi aeleze sababu. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha.

Nilijifariji kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ataona kazi ni ngumu ataondoka. Mgeni huyu amepewa jembe na ameilima idara nzima. Sasa maji yamenifika shingoni, na kwa kuwa maji ndiyo kazi yangu, najua yanapofika shingoni yanaelekea wapi. Naomba kukuwekea malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Wanafunzi wanasoma ninachoandika.

Hili ndilo shina, mengine ni matawi. Kwa miaka yote niliyofundisha hapa, kazi ya kusahihisha ilikuwa na utaratibu unaoeleweka. Mwanafunzi aliandika, mimi nikaandika, yeye akaangalia namba iliyo juu kulia, akacheka au akanuna, na karatasi ikaingia kwenye pipa lililo karibu na mlango. Mama anayesafisha jengo letu alilijua pipa lile vizuri. Siku za kurudisha kazi alikuja na mfuko wa ziada bila kuambiwa. Hakuna aliyeumia. Mwanafunzi alipata namba yake, mimi nilipata sifa ya kusahihisha kwa makini, na maneno yangu yalikwenda zake kwa amani. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na kwa kweli alipita, mwaka baada ya mwaka, na wengi wao leo ni wahandisi.

Wewe umeiondoa namba. Sasa mtoto wa watu anapokea karatasi yake, anatafuta juu kulia, haoni kitu, anaigeuza, haoni kitu, basi kwa kukosa la kufanya anasoma. Nimewaona kwa macho yangu wamekaa kwenye ngazi za jengo letu, vichwa chini, wakifuata maoni yangu kwa kidole. Mmoja alikuwa anamsomea mwenzake kwa sauti. Nilipita haraka nikijifanya naongea na simu.

Wewe ni msomi, jiweke mahali pangu. Ni kama mtu aliyeimba bafuni maisha yake yote, halafu asubuhi moja anafungua mlango anakuta watu wamepanga viti. Huyo mtu hataimba tena kwa raha.

2. Mihuri yangu imedhalilishwa.

Unafahamu kwamba darasa langu ni kubwa na mkono wangu wa kuandikia ni mmoja. Zamani kidogo nilikwenda kwa mchonga mihuri, yule mwenye kibanda karibu na mashine za kutoa nakala, akanichongea mihuri minne: FAFANUA. TOA MFANO. KWA NINI? Na wa nne, ninaoupenda kuliko yote, ANGALIA MAELEZO YA JUU. Ni mihuri mizuri yenye vishikio vya mbao, na nimeitumia kwa haki, bila upendeleo, ukurasa baada ya ukurasa, huku nikisikiliza redio. Nasikia wanafunzi wananiita Mwalimu Fafanua. Nilidhani ni sifa.

Sasa wanaijibu. Palipogongwa KWA NINI? wanaandika kwa nini. Palipogongwa TOA MFANO wanatoa mfano, na kama muhuri uliangukia juu ya mfano, wanauliza kwa adabu ikiwa mfano wa mfano utahesabika. Kuhusu ANGALIA MAELEZO YA JUU, kundi zima lilikuja ofisini kwangu na karatasi mkononi kuniuliza ni juu wapi, maana muhuri ulikuwa kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, na juu yake palikuwa na dari. Niliwaambia waende wakatafakari. Walikwenda, wakatafakari, wakarudi na maswali mengine.

Lakini aliyenimaliza ni mwanafunzi mmoja anayekaa dirishani. Naomba umkumbuke, maana tutakutana naye tena. Kwa haraka ya kazi, muhuri wa FAFANUA uliangukia kwenye jalada la rasimu yake, juu ya jina lake. Mtu mwingine angecheka yakaisha. Yeye alifuata mpango wako. Aliambatanisha kurasa mbili za kufafanua jina. Alieleza kwamba ni jina la bibi yake mzaa mama. Kwamba bibi huyo alizaliwa siku ambayo nyumba yao iliingiwa na maji ya mvua, wakubwa wakamlaza kitoto juu ya kabati, wao wakasimama majini mpaka kulipokucha. Kwamba kwa lugha ya kwao jina hilo maana yake ni aliyebaki mkavu. Kwamba mpaka leo kila mvua inapokaribia mama yake hupandisha magodoro juu ya kabati lile lile. Na kwamba hiyo ndiyo sababu ya yeye kusoma mifereji. Alimaliza hivi: "Natumaini ufafanuzi huu unatosha. Kama hautoshi naweza kumpigia mama."

Nilitafuta muhuri wa kugonga kwenye kurasa hizo sikuupata. Nilikaa na FAFANUA mkononi mpaka wino ukakauka wenyewe, na kazi za wanafunzi wengine zikalala siku ile bila kuguswa. Nakuuliza, Mheshimiwa, nani atanirudishia mchana ule?

3. Wanafunzi wanakuwa sahihi, tena kwa maandishi.

Mwanafunzi kuwa sahihi kwa mdomo si tatizo. Unamwambia tutaongea baadaye, na baadaye haifiki. Shida ni karatasi. Kuna kijana mwenye mabega mapana ambaye nilikuwa namjua kwa kisogo tu, kwa sababu mhadhara ukianza yeye hulala. Ameandika pembeni mwa maoni yangu: "Haya nimeyakataa. Wiki ya pili mwalimu alisema maji yakiwa machache mfereji wenye kitako cha duara ndio unaojisafisha. Hapa anasema wa mraba. Naomba achague."

Nilikwenda kuangalia nukuu zangu za kufundishia ili nimkomeshe. Nukuu zilisema yote mawili, kwenye ukurasa mmoja, kwa wino wa rangi mbili. Ikanibidi nichague. Nilichagua duara. Kijana akaandika chini yake: "Asante. Hata mimi naona duara." Tangu hapo hasinzii tena, ananitazama tu muda wote, na mimi siku hizi natayarisha somo kabla ya kuingia darasani, jambo ambalo halimo kwenye mkataba wangu.

4. Wananipa maoni na mimi.

Umeweka kisanduku cha mbao mlangoni mwa kila darasa, ili wanafunzi watumbukize humo maoni juu ya mwalimu bila kutaja majina. Nilitegemea matusi, na kwa matusi nilikuwa nimejiandaa. Halikuwemo tusi hata moja, na hapo ndipo penye ubaya. Mmoja ameandika: "Mwalimu anaufundisha ubao. Ubao umeshaelewa, sasa atugeukie sisi." Mwingine: "Akifika kwenye kanuni ngumu anapunguza sauti, kama mtu anayempita mbwa aliyelala." Wa tatu: "Siku aliyokasirika juu ya watu wanaotupa takataka kwenye mitaro ndiyo siku niliyolielewa somo. Tunaomba akasirike mara kwa mara."

Nilifuata ushauri huo kwa nia njema ya kuthibitisha kwamba haufai. Niligeuka, nikafundisha nikiwatazama. Shemeji, samahani, Mheshimiwa, wale watu wana nyuso. Wakielewa, uso unafunguka. Wasipoelewa unajua papo hapo, na ukishajua huwezi kuendelea mbele kana kwamba hujui. Mada niliyokuwa naimaliza kwa kipindi kimoja sasa inakula vitatu. Aidha, nimegundua kwamba yule binti hodari wa safu ya mbele, ambaye nilikuwa nashangaa anavyouliza swali upande wa kushoto kisha hapo hapo anauliza jingine upande wa kulia, ni mapacha. Wamekuwa darasani kwangu tangu mwaka jana. Siku zote hizo nimekuwa nikiandika kwamba mmoja wao hayupo.

5. Nyumbani.

Nilimweleza dada yako habari za mpango huu ili anihurumie. Badala ya kunihurumia aliupenda. Sasa nikifungua mdomo mezani napewa mrejesho. Juzi nilisema bomba la jikoni halihitaji fundi, nitalitengeneza mwenyewe. Dada yako akasema nimeanza vizuri, lugha yangu ni fasaha, ila hoja haina ushahidi, na akanielekezea kidole bafuni, kwenye lile bomba nililolitengeneza, ambalo mpaka leo lina ndoo chini yake. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mhandisi wa maji. Akasema hiyo ni sifa ya mwandishi, si ubora wa kazi. Nikamwambia basi anipe alama nijue moja. Akasema alama hazitolewi mpaka mwisho.

Mwisho wa nini, hakusema. Tumeishi pamoja tangu wewe ukiwa unasuka nywele mbili, na ni wiki hii tu nimeanza kukosa usingizi. Nilipolalamika kwamba wanafunzi wanayachukulia maoni yangu kupita kiasi, aliniuliza maoni hayo yana tofauti gani na kukohoa. Nikakohoa.

6. Mfereji wa nyuma ya bweni.

Nyuma ya bweni la wasichana kuna mfereji wa zege. Mvua ikinyesha, maji hayaendi. Yanajaa, yanaingia vyumba vya chini, na wasichana wanapanda vitandani na mabegi yao. Kila mtu hapa chuoni analijua jambo hili, na kwa sababu kila mtu analijua hakuna anayelishughulikia. Yule mwanafunzi wa dirishani anaishi chumba cha chini. Ameuchukua mfereji huo akaufanya kazi yake ya muhula.

Nikukumbushe kwamba mwanafunzi huyu anarudia somo. Mwaka jana alipata namba isiyotosha, na kanuni, ambazo wewe unazijua kuliko mimi, zinasema anayefeli somo hili mara ya pili hana budi kufungasha virago arudi kwao. Kwa hiyo yeye ana haki ya kuwa na wasiwasi, na mimi nina haki ya kuachwa kwa amani. Haki hizi mbili zimekutana kwenye mfereji mmoja mwembamba.

Rasimu yake ya kwanza ilisema mfereji una kasoro ya mteremko. Mimi nilijua, bila kuinuka kwenye kiti, kwamba mteremko hauna neno, tatizo ni kina. Nilitafuta muhuri wa kusema hivyo, sikuwa nao, ikanibidi nishike kalamu. Niliandika sentensi nzima. Alinijibu kwa sentensi mbili. Nikamjibu tatu, maana mtu mzima hazidiwi na mtoto. Pembeni pakajaa tukahamia nyuma ya karatasi. Nyuma pakajaa akabandika karatasi nyingine kwa gundi, nami nikabandika yangu, na sasa kazi ile ukiikunjua inatoka mezani kwangu mpaka kwenye kabati. Mwisho kabisa, kwenye kona, aliandika: "Mwalimu, njoo uone."

Katika kufundisha kwangu kote sijawahi kutakiwa kwenda kuutazama mfereji. Nilikwenda ili yaishe. Nilimkuta amevaa kandambili, ana ndoo ya maji, yuko na wale mapacha, na kijana wa mabega mapana ameshika pimamaji aliyoiazima kwa mafundi. Binti wa dirishani akaimwaga ndoo mferejini. Maji yalikwenda kidogo, yakasimama, kisha yakarudi taratibu, yakafurika ukingo na kuingia viatuni mwangu. Hakuna aliyecheka, na ningependelea wangecheka. Binti alinitazama akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, naomba maoni yako."

Nilikubali kwamba mteremko umegeuka. Lakini sikuwa tayari kurudi na soksi mbichi na mikono mitupu, kwa hiyo niliomba michoro yake, nikaona ambacho yeye hakukiona. Akiurekebisha mteremko kwa namna aliyoichora, maji yataviacha vyumba vya wasichana na kwenda moja kwa moja kwenye karakana ya useremala, ambayo iko chini zaidi. Nilimwonyesha. Akauma mdomo. Nilidhani analia, kumbe anapiga hesabu. Kisha akachuchumaa, akachora upya mchangani kwa kijiti, akafuta, akachora tena, akaniuliza, nikamjibu, akanikatalia. Na mimi, jambo hili lisiingie kwenye kumbukumbu za ofisi, nilichuchumaa pia. Tulikuwa hapo mpaka mlinzi akaja kutuuliza tumepoteza nini atusaidie kutafuta.

Lalamiko langu ni kwamba nilikwenda kuumaliza mjadala, na mjadala umeongezeka. Rasimu ya pili ameileta, karakana bado inajaa maji, nami nimemwandikia ukurasa mzima. Tangu siku ile nikitembea naangalia chini. Jana nilisimama njiani nikiukagua mtaro wa watu, mwenye nyumba akatoka na fimbo.

7. Viatu.

Angalia maelezo ya juu.

Mheshimiwa, usidhani nalalamika kwa ajili yangu peke yangu. Tazama mambo haya yanaelekea wapi. Leo wanamuuliza mwalimu anamaanisha nini. Wakishazoea kujibiwa, kesho watamuuliza mkandarasi kwa nini zege limepasuka kabla ya uzinduzi. Keshokutwa watamuuliza aliyetia saini, na aliyetia saini atalazimika kukumbuka alitia saini nini. Kutatokea kizazi kizima cha wahandisi ambao ukiwapa mchoro wanausoma. Watu wengi wenye vyeo vyao wamelala salama kwa sababu hakuna anayesoma kilichoandikwa pembeni, na mimi sitaki ije ijulikane kwamba balaa hili lilianzia kwenye idara inayoongozwa na ndugu wa mke wangu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, au moja kati ya hayo.

La kwanza, mpango ufutwe na namba irudishwe mahali pake, juu kulia. Ikiwezekana alama zitolewe wiki hii hii kwa rasimu zilizopo mkononi, ili kila mtu ajue lake aache kusoma. Najua kwamba kwa rasimu hiyo mwanafunzi wa dirishani atafeli, na najua itakuwa mara ya pili. Nasikitika. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na chuo hakiwezi kukaa kinamsubiri mtu mpaka aelewe. Tukianza kuwasubiri watu waelewe, tutajikuta tunafanya kazi ambayo hatukuajiriwa kuifanya.

La pili, kama roho yako haitaki kuufuta, basi unihamishie Ofisi ya Mitihani. Nimeshakwenda kuiona. Ni chumba kilicho chini ya ngazi, hakina dirisha, kina makabati ya chuma na mzee mmoja asiyependa maongezi. Huko namba zinaingia na namba zinatoka, na hakuna namba iliyowahi kumfuata mtu kumuuliza alikuwa na maana gani.

Nimeandika haya kwa unyenyekevu na bila kinyongo. Wasalimie walimu wenzangu wote, hata wanaonicheka kwenye chumba cha chai. Msalimie mume wako, mwenzangu katika kuoa nyumba hii ya wanawake wenye majibu. Watoto waambie baba yao mkubwa anawapenda, na kwamba wakiulizwa swali wasijifanye wanajua sana. Mama mkwe mwambie nimekonda.

Nabaki mtiifu wako ofisini, na mtani wako kila mahali pengine,

Mhadhiri Mwandamizi,
Mifereji na Maji ya Mvua

Baada ya saini:

Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Nakala nilimpelekea yule mzee wa Ofisi ya Mitihani ili aanze kuniandalia meza, na leo mchana ameniletea jibu mwenyewe, ameliweka mbele yangu akaondoka. Amekubali. Ukiridhia wewe, nianze kesho. Anachotaka ni kimoja tu, nije na alama za darasa zima, hata kwa rasimu zilizopo, ili ajue nimefunga mahesabu na wanafunzi.

Nikakaa kuzijaza. Mapacha niliwapa, kila mmoja yake. Kijana wa mabega mapana nilimpa, tena nzuri. Nikafika kwa binti wa dirishani. Kwa rasimu aliyonayo, namba yake naijua, na haimtoshi kubaki. Nikashika kalamu, nikaiweka, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaishika tena.

Asubuhi alikuwa amepita hapa. Alisimama mlangoni na mkoba wake akaniambia amepata njia ya kuyapeleka maji nyuma ya karakana, na kwamba ataileta rasimu ya tatu Ijumaa. Nikamwambia haiwezekani, nyuma ya karakana pana ukuta. Akatabasamu. Akasema hapo kwenye ukuta ndipo penye utamu, na akaenda zake darasani bila kunieleza.

Shemeji, mimi mwanafunzi akiingia kwenye chumba cha mtihani huwa najua atatoka na ngapi kabla hajavuta kiti, na mara nyingi sikosei. Huyu simjui. Tangu asubuhi nimeuzunguka ule ukuta kwa penseli, kushoto na kulia, sijaona pa kupita, na yeye amesema amepaona. Alama nilizokuwa nimeshajaza nimezifuta zote. Mwambie mzee wa Mitihani ile meza ampe mtu mwingine, na barua hii iweke popote unapoweka vitu vya kucheka na dada yako. Ila Ijumaa usinipangie kikao. Nataka niwepo akija.